Badilisha Karatasi Kabla ya Kugusa Kitambaa: Pateni na Maumbo ya Miili Yetu

Mama mmoja aliingia dukani mwangu siku nne kabla ya harusi ya bintiye, amebeba gauni la satini la zambarau alilokuwa ameshonewa kwingine. Lilikuwa limeshonwa kwa uangalifu: mishono imenyooka, zipu imekaa vyema, na ndani hapakuwa na hata uzi mmoja unaoning'inia. Alipolivaa, pindo la mbele lilifika kwenye vidole vya miguu, na la nyuma likasimama inchi mbili juu ya visigino. "Fundi, wamelisawazisha mezani mara mbili," akaniambia, "na nikilivaa lapanda tena nyuma." Kwa maneno hayo alikuwa ameshalieleza tatizo lote, kwa maana gauni likilala mezani halina makalio ndani yake. Mwili wake ulihitaji urefu zaidi kwa nyuma, pateni, yaani karatasi ya kukatia kitambaa, haikuutoa urefu huo, na mwili ukauvuta kutoka pindoni.

Nimeshona Mombasa kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona zaidi kuliko mengine yote ni hili la kutibu nguo mahali ambapo dosari inaonekana badala ya mahali inapoanzia. Nguo ikibana kifuani, ubavu unafumuliwa. Nguo ikilegea shingoni, ubavu unabanwa. Ubavu wa nguo umebebeshwa lawama za mabega, kifua, mgongo na tumbo, ilhali karibu kila tofauti baina ya mwili na pateni ina mahali pake maalumu kwenye karatasi, na hapo ndipo mkasi unapopaswa kupita, kabla kitambaa hakijaguswa.

Wateja wengi huniomba radhi kwa miili yao. Husema "mimi nina kifua kikubwa" au "mimi nina mgongo mbaya", kana kwamba pateni ndiyo iliyo sahihi. Ni vyema wajue karatasi hizo zilikotoka. Biashara ya pateni zenye saizi ilianzishwa na Mmarekani Ebenezer Butterick mwaka 1863. Baadaye, mwaka 1939 na 1940, Idara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili upatikane msingi wa saizi za nguo na pateni. Wanawake wasio wazungu nao walipimwa, lakini vipimo vyao viliachwa nje ya hesabu iliyochapishwa mwaka 1941, na kiwango rasmi cha saizi kilichotolewa huko mwaka 1958 kikajengwa juu ya hesabu hiyo. Kampuni za leo zina vipimo vyao wenyewe, ila utaratibu haujabadilika sana: huchorwa mwili mmoja wa kukadiria, kisha mwili huohuo hukuzwa au hupunguzwa ili zipatikane saizi nyingine. Mwanamke wa Mombasa asipoenea kwenye karatasi hiyo, hana kosa lolote, kwa sababu aliyeichora hakuwa akimfikiria yeye.

Kazi huanza na vipimo, nami huanza kwa kumfunga mteja lastiki nyembamba kiunoni na kumwomba ainame upande huu na ule mpaka lastiki itulie yenyewe. Pale inapotulia ndipo kiuno kilipo, na mara nyingi si pale anapofungia leso, yaani khanga. Kutoka hapo napima urefu wa mgongo, kuanzia mfupa uliojitokeza chini ya shingo hadi kwenye lastiki, kisha napima urefu wa mbele kutoka begani, kupitia kwenye ncha ya titi, hadi kwenye lastiki hiyohiyo. Kifua nakipima mara mbili. Kipimo cha kwanza hupita juu, tepu ikiwa imebanwa na makwapa juu ya matiti, na cha pili hupita pale kifua kilipojaa zaidi. Fundi akisahau kipimo cha juu, atachagua saizi isiyofaa hata kabla ya kuifungua karatasi.

Sababu ni kwamba pateni nyingi za kununua huchorwa zikichukulia kwamba tofauti ya vipimo hivyo viwili ni inchi mbili. Chukua mteja ambaye kipimo chake cha juu ni inchi 38 na cha kifua kilichojaa ni 43. Wengi watamchagulia saizi ya 43, na kifua kitaingia kweli, lakini shingo itapwaya, mabega yataanguka na duara la kwapa litashuka hadi karibu na mbavu, kwa sababu mifupa yake si ya mtu wa saizi hiyo. Mimi humchagulia pateni kwa kipimo cha juu, ile inayomkaa mabegani, kisha naongeza kifua peke yake. Tofauti yake ni inchi tano, pateni imeshampa mbili, kwa hiyo zimebaki tatu. Na kwa kuwa kipande cha mbele cha karatasi ni nusu ya mwili, kila upande unahitaji inchi moja na nusu.

Natia alama ya ncha ya titi kwenye karatasi, baada ya kuweka kipande hicho juu ya mwili wake ili nisibahatishe. Kutoka kwenye alama nachora mstari wa kushuka moja kwa moja hadi chini, sambamba na mstari wa katikati ya mbele, na mwingine wa kupanda kwa mshazari hadi sehemu ya chini ya duara la kwapa. Mstari wa tatu unatoka ubavuni, kupitia katikati ya dati, yaani ule mkunjo wenye ncha unaoshonwa ili kitambaa kifuate mviringo wa kifua, na unaishia kwenye alama ileile. Nakata kuanzia chini hadi kwenye alama, napinda na kuendelea hadi kwapani, nikiacha kipande chembamba cha karatasi kisichokatwa ili kiwe bawaba. Kisha nakata kutoka ubavuni hadi karibu na alama, nako naacha bawaba. Sasa nasukuma upande wa ubavu utoke nje mpaka mwanya wa kushuka ufike inchi moja na nusu, kingo zake zikiwa sambamba, na hapo dati hupanuka yenyewe. Upande wa ubavu utakuwa umeshuka chini kuliko upande wa katikati. Hivyo nakata kipande cha chini cha katikati kwa mlalo na kukishusha mpaka vilingane, kwa maana kifua kilichojaa kinahitaji urefu kama kinavyohitaji upana. Nabandika karatasi nyingine nyuma ya mianya, nachora dati upya na ncha yake naikomesha kama inchi moja kabla ya ncha ya titi. Bega, shingo na duara la kwapa havijaguswa. Upana ulioongezeka kiunoni unaweza kuliwa na dati ya kiuno, au ukaachwa kama nguo ni ya kupwaya.

Kabla ya kukata kitambaa chenyewe, nashona sampuli ya marikani. Kitambaa hiki cha pamba isiyopaushwa kimelichukua jina lake kwa Marekani, kwa kuwa wafanyabiashara wa huko ndio waliokileta kwa wingi Unguja katika karne ya kumi na tisa, nami nafurahi kwamba kitambaa cha nchi iliyotuletea pateni ndicho ninachokitumia kuzisahihisha. Niliwahi kuruka hatua hii kwa sababu ya haraka ya Idi, nikakata satini ya mteja moja kwa moja, na mkono ukashindwa kuinuka zaidi ya usawa wa bega. Nilikwenda Mtaa wa Biashara kumnunulia kitambaa kingine kwa fedha zangu, na tangu siku hiyo sijakata nguo ya kubana bila sampuli.

Sampuli ikishavaliwa, mikunjo yake husomeka. Mikunjo iliyokazwa kama kamba huelekeza mahali penye upungufu, na ukiifuata kwa kidole utafika hapo. Mikunjo laini inayolala kama pazia lililozidi huonyesha ziada. Penye ugumu ni mgongoni chini kidogo ya kiuno, ambapo mikunjo ya mlalo inaweza kutokana na mambo mawili yanayotaka tiba tofauti kabisa. Huenda mgongo wa mteja umebonyea, na kitambaa cha hapo kikawa kirefu kuliko mwili. Huenda pia nyonga zimebana, na nguo ikapanda kutafuta nafasi kiunoni. Mimi hufumua mishono ya ubavu kutoka chini ya kiuno hadi chini ya nyonga na kumwomba mteja atembee hatua tano. Mikunjo ikiteremka na kupotea, basi kilichokosekana ni upana wa nyonga. Ikibaki, naifinya kwa pini katikati ya mgongo kisha, kwenye karatasi, nakunja kiasi hichohicho katikati ya nyuma, mkunjo ukipungua hadi kuisha kabisa ubavuni.

Kwa makalio yaliyojaa, kama ya yule mama wa zambarau, kuna jambo ambalo ningependa kila fundi mwanafunzi alione kwa macho yake. Mteja akiwa amevaa sampuli, naikata kwa mlalo pale makalio yalipojaa zaidi, kutoka katikati ya nyuma kuelekea ubavuni, na naacha kabla ya kuufikia mshono. Papo hapo pindo la nyuma hushuka, na mkato hufunguka kama kabari, mpana katikati na mwembamba ubavuni. Kwake ulifunguka inchi mbili, sawasawa na zile inchi mbili zilizokuwa zimepotea visiginoni. Nausoma mwanya huo kwa tepu na kuuhamishia kwenye karatasi mahali palepale. Mstari wa katikati ya nyuma utapinda kidogo, kwa hiyo nyuma ya gauni iwe na mshono, isikatwe kwa kukunja kitambaa.

Leso ina masharti yake. Pindo lake limenyooka, na mteja hutaka pindo hilo lizunguke chini ya sketi bila kuvunjika, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lisomeke, kwa hiyo chini hapakatwi wala hapapindwi. Marekebisho yote ya urefu yahamishiwe juu: kama makalio yanadai inchi mbili, basi ukingo wa kiuno wa kipande cha nyuma upandishwe inchi mbili katikati na ushuke taratibu hadi ubavuni. Pindo refu likiwekwa chini, upana wa leso, ambao kwa kawaida ni kama sentimita 110, ndio unaokuwa urefu wote wa sketi, kwa hiyo nyongeza hiyo ihesabiwe kabla ya kukata, hasa kwa mwanamke mrefu.

Hesabu hiyohiyo huwafaa wanaume wenye kitambi. Kanzu yao hupanda mbele, na wengi wamezoea kuona kanzu ndefu nyuma na fupi mbele wakadhani ndivyo inavyokaa, ilhali kabari ya karatasi ikifunguliwa katikati ya mbele kwenye usawa wa tumbo, kanzu hunyooka pande zote.

Mabega ni mepesi zaidi. Bega likiinama, ncha ya bega kwenye karatasi ishushwe, na duara la kwapa lishushwe kwa kiasi hichohicho, la sivyo mkono hautaingia. Mkono mnene hupanuliwa kwa kuikata pateni ya mkono katikati, urefu na upana, na kuifungua bila kurefusha sehemu inayoungana na duara la kwapa. Nafasi ya kuvalia isisahauliwe katika haya yote: kwa kitambaa kisichovutika, mimi huacha inchi mbili hadi tatu kifuani, moja kiunoni na mbili nyongani. Pamba nayo ifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu ikisinyaa baada ya kushonwa vipimo vyote hivi vitakuwa vimekwenda bure.

Kila badiliko likikamilika, natembeza kingo mbili zitakazoungana moja juu ya nyingine kwenye karatasi ili nihakikishe zina urefu sawa, na nachora upya mshale wa uzi wa kitambaa, ule unaoonyesha uelekeo wa nyuzi zake, kwa maana karatasi iliyokatwa na kufunguliwa huweza kuupinda mshale bila fundi kutambua.

Gauni la zambarau sikuweza kulirudishia urefu, kwa kuwa pindoni hapakuwa na kitambaa kilichobaki. Nilimsimamisha mama yule juu ya stuli, nikapima kutoka chini kwa rula pande zote, nikapunguza mbele, naye akalivaa harusini likiwa fupi kuliko alivyotaka. Wiki iliyofuata alirudi, tukashona sampuli ya marikani. Pateni yake sasa imetundikwa kwenye msumari pamoja na nyingine, ikiwa na kabari ya inchi mbili iliyobandikwa kwa karatasi ya kaki, na juu yake nimeandika tarehe, vipimo vyake viwili vya kifua na urefu wa mgongo. Kila anapoleta kitambaa kipya, hivyo vitatu ndivyo ninavyovipima tena kwanza.