Kiputo hakina akili

Nimesikia mara nyingi mno kwamba wanasayansi wametengeneza "viputo vyenye akili", yaani akili mnemba (AI), vinavyozunguka mwilini vikiisaka saratani. Viputo vya namna hiyo havipo, na mgonjwa anayeambiwa hivyo anapewa tumaini lisilo na msingi.

Kiputo ni gesi iliyofunikwa kwa utando mwembamba wa mafuta au protini, upana wake mikromita 1 hadi 10 (mikromita elfu moja ni milimita moja). Madaktari wanavitumia siku nyingi kufanya picha za altrasaundi ya moyo zionekane vizuri. Vikishadungwa mshipani, huenda popote damu iendako: ini, figo, hadi vidole vya miguu. Havichagui.

Kinachochagua mahali ni sauti. Mtaalamu huelekeza mawimbi ya altrasaundi, yaani sauti ambayo sikio halisikii, yakutane sehemu moja, tuseme kwenye uvimbe ulio ubongoni. Viputo vinavyopita hapo hutanuka na kusinyaa mara laki kadhaa kwa sekunde. Mtikisiko huo hulegeza seli za kuta za mishipa ya ubongo, ambazo kwa kawaida zimebanana kiasi cha kuzuia dawa nyingi, na dawa hupata pa kupenya. Ndani ya siku moja hivi panajifunga tena. Mwaka 2015, katika hospitali ya Sunnybrook mjini Toronto, mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo alitibiwa hivyo, na dawa yake ya saratani ilipitishwa mshipani kivyake. Viputo havikuibeba, vilifungua mlango tu. Vipo vinavyobebeshwa dawa kwenye utando, lakini navyo husubiri sauti ivipasue.

Akili mnemba, basi, iko wapi? Iko nje, kwenye kompyuta. Katika maabara ya Daniel Ahmed, chuo kikuu cha ETH Zurich nchini Uswisi, kamera hutazama kundi la viputo ndani ya vijifereji vinavyoiga mishipa ya damu. Programu hupokea picha, huamua chombo kipi cha kutoa sauti kiwashwe, viputo vinasogea, kisha inatazama tena. Uamuzi huo imejifunza kwa kujaribu na kukosea, kwanza katika mazingira ya kuigiza ya kompyuta.

Kwa hiyo ukimweleza mwenzako, mwambie hivi: akili mnemba huongoza sauti, na sauti ndiyo inayoongoza viputo. Mwongeze kwamba kompyuta haiwezi kuongoza kisichoonekana, na kuviona viputo ndani ya fuvu la mtu ni kazi ngumu kuliko kuviona maabara.