Kusoma kitambulisho cha kudumu cha chipu ya FT232R

Mtu anayetaka programu yake itambue kifaa kimoja mahususi kati ya vingi vinavyofanana kwa kawaida huanza na namba ya mfululizo ambayo kifaa cha USB huitangaza kinapochomekwa. Namba hiyo yatosha kutofautisha vifaa viwili vilivyo mezani. Kwa FT232R, chipu ya kampuni ya FTDI inayounganisha USB na mlango wa mfululizo (serial), hata hivyo, sishauri leseni ya programu, yaani ruhusa ya kuitumia na kifaa hicho tu, itegemezwe juu yake, kwa sababu namba hiyo imehifadhiwa katika EEPROM (kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya) ya chipu yenyewe, na yeyote mwenye FT_PROG, programu ambayo FTDI huitoa bure, anaweza kuifuta na kuandika nyingine, hata iliyonakiliwa kutoka kifaa kingine.

Namba ya kutegemewa ni FTDIChip-ID, yenye biti 32, ambayo chipu hupewa kiwandani na ambayo mtumiaji hana njia ya kuibadilisha. Kwenye Windows husomwa kwa maktaba ya FTChipID ikishirikiana na D2XX, kiendeshi cha FTDI yenyewe. Anayetumia libftdi, maktaba huria ya chipu za FTDI, huita ftdi_read_chipid, na kazi inayofanyika humo yafaa kueleweka. Sehemu ya EEPROM inayoandikika ina maneno 64 (vipande vya data vya biti 16 kila kimoja), yaani anwani 0x00 hadi 0x3F, ilhali maktaba hutuma ombi lile lile la kusoma EEPROM kwa anwani 0x43 na 0x44, nje ya mpaka huo; kisha hubadilishanisha baiti za kila neno, huyaunganisha maneno mawili, hupanga upya biti ndani ya kila baiti, na mwisho hufanya XOR (kulinganisha biti kwa biti) na namba 0xA5F0F7D1. Kwenye Linux, libftdi inapofungua kifaa hukiondoa kwanza kiendeshi cha ftdi_sio, kile cha Linux yenyewe, hivyo mlango wa ttyUSB ambao kiendeshi hicho hukipa kifaa hutoweka.

Kutobadilika si usiri. Programu yoyote yenye ruhusa ya kufungua kifaa huisoma namba hii, na kidhibiti kidogo (microcontroller) kilichoandaliwa kwa makusudi chaweza kujibu maombi ya USB kwa namba hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi hutia sahihi ya kidijitali juu ya kitambulisho, ufunguo binafsi ukibaki kwa mtoa leseni na programu ikibeba ufunguo wa umma tu: jambo hili huzuia kughushi leseni ya kifaa kipya, ingawa halizuii kuiga kifaa chenye leseni tayari. Chipu za zamani kama FT232BM, zinazotumia EEPROM ya nje, hazina kitambulisho hiki.