Damu ya aliyeungua: inaganda au haigandi?

Ndugu anayemuuguza mtu aliyeungua vibaya, tuseme hospitali ya KCMC pale Moshi, anaweza kuambiwa asubuhi atafute watu wa kuchangia damu. Jioni anamkuta muuguzi akimdunga mgonjwa huyohuyo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sasa tatizo ni lipi, damu kutoganda au kuganda mno? Yote mawili, na ndiyo maana ya hitilafu ya kuganda kwa damu kwa majeruhi wa moto.

Moto ukiharibu ngozi na mishipa midogo, mwili huanza kugandisha damu hata pasipo na jeraha. Protini na chembe sahani za kugandishia hutumika ovyo, zikapungua.

Halafu kuna dripu. Kwa kanuni ya Parkland, ya kukadiria maji ya dripu kwa aliyeungua, mililita 4 huzidishwa kwa kilo za mgonjwa, kisha kwa asilimia ya mwili iliyoungua. Mwenye kilo 60 aliyeungua asilimia 40 hupata lita 9.6 kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 tangu aungue. Damu yake yote ni kama lita 4 tu! Maji hayo ndiyo yanayomwokoa, usimlaumu daktari, ila yanaizimua damu kama mtori uliozidishwa maji.

Baridi nayo. Asiye na ngozi hupoteza joto upesi, na Julai ya Arusha na Moshi mnaijua. Joto la mwili likishuka sana, chini ya nyuzi 35, protini za kugandisha huzembea hata kama zipo za kutosha. Kwa hiyo blanketi na dripu iliyopashwa moto ni tiba hasa. Mimi ningeanzia hapo kabla ya dawa yoyote ya bei. (Kidonda kipozwe kwa maji ya bomba dakika 20, sawa, lakini mwili uliobaki ufunikwe.)

Siku zikisonga, mizani huelemea upande wa pili. Mgonjwa amelala tu, ana mipira kwenye mishipa. Bonge la damu linaweza kujitengeneza mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Heparini ya dozi ndogo ni ya kuzuia hilo. Ikifika siku ya kukata ngozi iliyokufa na kupandikiza nyingine, damu hutoka nyingi, ndipo zile chupa za ndugu huhitajika. Lakini karatasi ya maabara ikisema damu inachelewa kuganda, na mgonjwa hatokwi damu wala haendi kupasuliwa, plazma, yaani maji ya damu yenye protini za kugandisha, kwa kawaida hubaki kwenye friza.