Mkono Kwanza, Kalamu Baadaye: Kufundisha Darasa la Kwanza Majani Yanapopukutika

Katika nchi zenye misimu minne, majani yanapoanza kugeuka rangi, kuta za vyumba vya darasa la kwanza nazo hubadilika. Hubandikwa majani ya karatasi yaliyokatwa na mwalimu na kupakwa rangi na watoto, maboga ya karatasi yenye macho na midomo, na pengine mti mkubwa wa kadibodi ulioandikwa majina ya wanafunzi wote. Mapambo haya yanapendeza, na sioni sababu ya kuyakataza. Hata hivyo, mtoto aliyepaka jani la karatasi rangi ya chungwa kwa sababu mwalimu amempa kalamu ya rangi hiyo hajajifunza lolote kuhusu jani. Nimefundisha madarasa ya chini na nimewaandaa walimu wengine wa ngazi hiyo, na msimamo wangu ni huu: shughuli ya vitendo hufundisha pale tu ambapo kitu anachokishika mtoto kinaweza kumjibu, na hasa pale kinapoweza kumkatalia.

Watoto wa darasa la kwanza wengi wana umri wa miaka 6 au 7. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliuona umri huu kuwa mpaka kati ya fikra zinazotawaliwa na mwonekano wa vitu na fikra zinazoanza kufuata mantiki, mradi vitu vyenyewe viwe mbele ya macho. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, katika miaka ya 1960, alieleza kwamba maarifa hujengwa kwa njia tatu, yaani kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua jijini Roma mwaka 1907 shule yake iliyoitwa Nyumba ya Watoto, alitengeneza zana zinazomwonyesha mtoto kosa lake bila mwalimu kutamka neno. Fikra hizi tatu, ingawa zilitoka kwa watu waliotofautiana katika mengi, zinakubaliana kwamba alama iliyoandikwa karatasini haina mizizi kwa mtoto wa umri huu ikiwa mkono haukutangulia.

Msimu huu wa majani kupukutika unafaa kuliko mingine kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana ndani ya wiki chache, na vifaa vyake vinaanguka vyenyewe ardhini. Katika nusu ya kaskazini ya dunia huanza tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana vinapokaribia kulingana. Kusini mwa dunia huanza mwezi Machi. Katika nchi nyingi za kaskazini wakati huo ndio mwanzo wa mwaka wa shule, na watoto bado wanajifunza kukaa, kusikiliza na kungoja zamu. Kuwakalisha mbele ya karatasi za mazoezi asubuhi nzima katika wiki hizo ni kupigana na miili yao.

Nianze na shughuli ninayoithamini kuliko zote, ambayo haihitaji chochote ila koni za msonobari zilizokauka, yaani vile vibeba mbegu vigumu vyenye magamba vya mti huo, na bakuli la maji. Kila kundi la watoto wanne lipewe koni mbili zilizofunguka vizuri, magamba yake yakiwa yametanuka. Waziguse kwanza, wazigeuze, wazitikise, watafute mbegu zilizobaki ndani. Kisha mwalimu aulize swali moja: tukiizamisha hii moja ndani ya maji na kuiacha hii nyingine mezani, itakuwaje? Kila mtoto achore anachokitarajia kabla koni haijaguswa na maji. Mchoro huo ni muhimu kwa sababu mtoto ambaye hakutabiri hana cha kulinganisha, na atakapoona matokeo atasema kwamba alijua tangu mwanzo.

Watoto wengi huchora koni iliyochanua zaidi, kwa kuwa wameona ua likimwagiliwa maji na kustawi. Koni hufanya kinyume chake. Katika muda usiozidi sana saa moja magamba huanza kujikunja kuelekea katikati, na baadaye koni hufungika kabisa, ikawa nyembamba na laini mkononi kuliko ile iliyobaki mezani. Hapo darasa hubadilika. Mtoto huiweka koni iliyofungika kiganjani, akajaribu kuyapanua magamba kwa kidole gumba, yakarudi. Anaitazama ile kavu, anarudi kwenye ile ya maji, na swali linalomtoka si la kufundishwa: kwa nini inajificha? Mwalimu asiharakishe kulijibu. Awaulize mbegu za msonobari husafirishwa na nini, na zingefika wapi kama zingeachiwa siku ya mvua. Watoto wa miaka 6 wanaweza kufika wenyewe kwenye wazo kwamba mbegu inayobebwa na upepo inahitaji siku kavu.

Mwalimu mwenyewe anapaswa kujua zaidi ya anachowaambia watoto. Gamba la koni lina matabaka mawili ambayo hayavimbi sawasawa yanaponyonya maji: la nje hurefuka zaidi kuliko la ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayolipinda gamba. Koni iliyokauka haina uhai, lakini hufunga na kufunguka kwa sababu ya jinsi ilivyoumbwa, na ndiyo maana jaribio linaweza kurudiwa kwa koni ileile. Mtoto akiuliza kama koni iko hai, na lazima atokee wa kuuliza, ajibiwe ukweli huo kwa maneno mepesi. Usimwambie kwamba koni inataka kujikinga na mvua, kwa maana atalichukua neno hilo kama lilivyo na litakuja kumtatiza baadaye.

Boga ni kifaa kingine ambacho hutumika vibaya mara nyingi. Likiletwa darasani kwa ajili ya kuchongwa uso tu, mwalimu ndiye anayefanya kazi na watoto wanatazama. Lakini boga moja zima linaweza kubeba masomo ya hesabu ya wiki nzima. Kabla halijakatwa, kila mtoto akate uzi wa urefu anaodhani utalizunguka boga mara moja tu, bila kupima. Kisha mmoja mmoja aje auzungushe uzi wake. Nyuzi nyingi huwa fupi au ndefu mno, na mwalimu hana haja ya kumwambia yeyote kwamba amekosea, kwani uzi wenyewe umekwisha kusema. Nyuzi zote zitundikwe ukutani kwa makundi matatu, fupi mno, ndefu mno na zilizokaribia, zikianzia kwenye mstari mmoja. Darasa litakuwa na grafu yake ya kwanza, iliyojengwa kwa vitu halisi. Somo hili linatangulia rula kwa makusudi, kwa sababu mtoto anayepewa rula kabla ya kuelewa kwamba urefu ni kitu cha kulinganishwa husoma namba asiyojua inahesabu nini.

Baada ya hapo boga liwekwe kwenye beseni la maji. Karibu darasa zima litasema litazama kwa kuwa ni zito, nalo litaelea kwa sababu ndani kuna uwazi. Sipendekezi kueleza msongamano wa maada kwa watoto wa umri huu. Inatosha waone kwamba uzito pekee hautoshi kueleza kwa nini kitu kinazama, na wapewe nafasi ya kujaribu vitu vingine, vikubwa vyepesi na vidogo vizito.

Mbegu za boga ndizo zinazonifanya nilitetee boga kila mwaka. Ndani ya boga moja kunaweza kuwa na mbegu mia kadhaa, idadi ambayo mtoto anayeanza darasa la kwanza hawezi kuihesabu moja moja bila kupotea. Acha apotee. Wape watoto mbegu zilizooshwa na kukaushwa, uwaombe wahesabu, na wakati wanahesabu zungumza nao. Mtoto aliyefika 34 akaulizwa jambo huisahau namba yake na kuanza upya, na baada ya kuanza upya mara kadhaa huanza kutafuta njia. Hapo ndipo vikombe vidogo vinapoletwa mezani: mbegu 10 katika kila kikombe, na zinazobaki pembeni. Sasa akikatizwa hapotezi kitu, kwa kuwa vikombe vinamkumbukia namba yake. Vikombe 10 vikikusanywa kwenye sinia moja vinakuwa mia. Makumi na mamoja, ambayo kitabuni ni safu mbili zilizochorwa, yamekuwa jibu la tatizo alilolipata yeye mwenyewe. Nimeona watoto ambao walikuwa wakiandika 34 na 43 bila kujali tofauti wakianza kuijali baada ya kuviona vikombe vitatu na mbegu nne vikikaa kando ya vikombe vinne na mbegu tatu.

Majani yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hapa ndipo maelezo yasiyo sahihi huenea. Watoto huambiwa kwamba baridi hupaka majani rangi. Ukweli ni kwamba rangi ya njano na ya chungwa ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipokuwa kijani, ikiwa imefunikwa na klorofili, yaani kile kinacholipa jani rangi ya kijani. Siku zinapokuwa fupi na hali ya hewa kupoa, mti huacha kuitengeneza klorofili, iliyopo huvunjika, na rangi za chini hujitokeza. Nyekundu na zambarau ni jambo tofauti: katika miti mingi hutengenezwa msimu huohuo, jani likiwa bado na sukari, na hukolea zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Wakati huohuo, tabaka la seli hujitenga kwenye shina la jani hadi linaachia na kuanguka.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa kwa macho. Watoto wachanechane majani mabichi ya kijani, kisha mwalimu ayaweke kwenye chupa ya kioo, amimine spiriti kiasi cha kuyafunika, afunike chupa na kuiweka ndani ya bakuli la maji ya moto kwa nusu saa hivi. Kisha aning'inize ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, ncha yake ikigusa kimiminika. Rangi hupanda polepole, na baada ya saa moja au zaidi huonekana mstari wa kijani na, sehemu nyingine ya karatasi, mstari wa njano. Spiriti hushika moto haraka na mvuke wake si wa kuvutwa; hivyo hatua hiyo ni ya mwalimu peke yake, dirisha likiwa wazi na moto wowote ukiwa mbali. Kazi ya watoto ni kuchana majani, kutabiri na kutazama. Mtoto aliyechana jani la kijani kwa mikono yake na kuona njano ikitoka ndani yake hatadanganyika tena kuhusu baridi inayopaka rangi.

Zipo shughuli nyingine nitakazozitaja kwa ufupi. Vipande vya tufaha, vingine vikiwa vimepakwa maji ya limau na vingine vikiachwa hivyo hivyo, huonyesha jinsi hewa inavyogeuza nyama ya tunda kuwa ya kahawia na jinsi asidi inavyochelewesha mabadiliko hayo. Tufaha likikatwa kwa upana huonyesha nyota yenye pembe tano. Mbegu za mwaloni zikitiwa majini, zile zinazoelea mara nyingi zimekauka au zimetobolewa na wadudu. Kusugua kalamu ya nta juu ya karatasi iliyofunika jani ni kazi nzuri ikiwa mtoto ataulizwa mishipa inaelekea wapi. Bila swali hilo ni mapambo tu.

Maandalizi ndiyo yanayoamua kama yote haya yatakuwa somo au vurugu. Kila kundi liwe na sinia lake, na vifaa vigawiwe baada ya swali kuulizwa, si kabla, kwa kuwa mtoto mwenye koni mkononi hasikilizi maelekezo. Mwalimu aulize mapema kuhusu mzio, hasa wa karanga na jamii za kokwa, na watoto wafundishwe kutookota uyoga wala majani wasiyoonyeshwa. Mikono ioshwe kila baada ya kazi. Wapo pia watoto wanaochukizwa kweli na utelezi wa ndani ya boga. Wapewe kijiko au kazi ya kuandika hesabu, wala wasilazimishwe mbele ya wenzao.

Kalamu huja mwisho, lakini lazima ije. Baada ya kila jaribio mimi huwapa watoto mwanzo wa sentensi mbili tu: "Nilidhani..." na "Niliona...". Asiyeweza kuandika maneno yote huchora na kutia lebo kwa herufi anazozijua, na tahajia yake siisahihishi siku hiyo. Sentensi ya kwanza ikitofautiana na ya pili, huo ndio ukurasa wa daftari ninaoufurahia zaidi, na ndio ninaouonyesha kwa wazazi, ambao kwa kawaida hutarajia kuonyeshwa uliokosa doa.

Kwa upimaji, mtihani wa karatasi hautanieleza ninachotaka kujua. Siku chache baadaye humkalisha mtoto mmoja mmoja, nikampa koni iliyofungika ambayo hajawahi kuiona, na kumuuliza imepatwa na nini na tufanye nini ili ifunguke. Anayesema tuiweke mahali pakavu penye joto, na akaweza kueleza kwa nini, ameelewa. Anayejaribu kuifungua kwa vidole hupewa koni hiyo aiweke dirishani penye jua, achore inavyoonekana leo, na aichore tena kila asubuhi mpaka magamba yatakapotanuka.