Virusi havionekani, lakini vimo

Juzi kijana mvuvi wa dagaa alifungua kadi yake ya kliniki mbele yangu, akaweka kidole chenye magamba kwenye jibu la mwaka jana la kipimo cha wingi wa VVU: nakala za virusi chini ya 50. "Dokta, si mliandika wenyewe havionekani? Nikajua nimepona." Ameacha TLD, kidonge chake cha VVU cha kila siku, miezi mitatu. Hapa Mwanza nimechoka kuisikia kauli hii.

Sikiliza, mdogo wangu. Kipimo kile kinahesabu virusi vilivyomo kwenye majimaji ya damu. Visipoonekana humwambukizi mwenzi wako kwa ngono, na hilo ni kubwa. Lakini ARV, dawa za VVU, zinazuia virusi kuzaliana tu. Haziving'oi vilivyojipachika ndani ya DNA ya CD4 za kumbukumbu, seli za kinga zinazolala miaka; hiyo ndiyo hifadhi ya virusi. Umeona gugumaji pale Kirumba: mnalivuta lote, maji yanakuwa meupe, kumbe mbegu ziko topeni. Ukiacha dawa, kwa wengi virusi hurudi ndani ya wiki chache. Yule mtoto wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa na VVU, alikaa miezi 27 bila dawa, dunia ikashangilia, mwaka 2014 vikaibuka.

"Mbona yule Mzungu alipona?" Ndiyo, Timothy Ray Brown alipona, kule Berlin. Alikuwa na saratani ya damu, akapandikizwa uboho mara mbili, wa mtu ambaye seli zake hazina CCR5, mlango ambao virusi hupitia kuingia ndani ya seli. Matibabu hayo yanaua watu, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Vinasaba vya kukosa mlango huo kwetu Waafrika ni adimu mno. Siwezi kumtia kwenye hatari hiyo mtu ambaye kidonge kimoja kwa siku kinamwezesha kuvua usiku kucha.

Linaloninyima usingizi ni jingine: hifadhi hiyo hatuipimi vizuri. PCR, kipimo cha maabara cha vinasaba, inahesabu DNA yote ya virusi, na zaidi ya asilimia 90 yake ni mbovu, haizai kitu. Ukiotesha virusi maabara unapata pungufu, maana seli nyingi zenye virusi vizima haziamki kwa kushtuliwa mara moja. Sasa dawa ya majaribio ikipunguza hifadhi, imepunguza wazima au mizoga? Vorinostat, dawa ya saratani iliyojaribiwa kwa kazi hii, iliviamsha virusi, hifadhi ikabaki vilevile. Njia ya kuamsha virusi vilivyolala ili kuviua naitilia shaka: ukiamsha usipoua, umefanya nini?

"Nikimeza leo vitalala tena?" akauliza. Nikamwambia vingi vitalala, ila tupime kwanza kama havijazoea dawa. Nikampa kopo la mwezi mmoja. Alitaka matatu, giza la mwezi likiingia wavuvi wanahamia visiwani.