Ukitaka kujua kiwanda kinamwaga nini, muulize anayeosha mapipa

Oditi ya mazingira ikikaribia, kwenye viwanda vingi vya huku kwetu Mombasa, kuanzia Shimanzi mpaka Changamwe na Miritini, utaona watu wanapewa kikaratasi chenye sera ya mazingira na kuambiwa washike kwa kichwa. Mtu ametoka shifti ya usiku, macho mekundu, yuko kwenye foleni ya chai na mahamri huku anakariri maneno ambayo hata hayaelewi, manake ameambiwa mkaguzi akikuuliza ukakosa jibu kampuni itanyang'anywa cheti na wewe ndo utakuwa umetuangusha. Mimi ni mkaguzi, nafanya oditi hizi na pia nafundisha wengine kuzifanya kwenye taasisi yetu, na nasema wazi kabisa, hakuna mahali kwenye ISO 14001, ile standadi ya kimataifa ya kusimamia mazingira ambayo cheti chenyewe ni chake, paliposema mfanyikazi akariri sera. Hakuna.

Ile standadi, toleo la 2015, kipengele cha 7.3, inataka mtu awe na habari ya sera, ajue kazi yake yeye inagusa mazingira wapi na kwa njia gani, ajue mchango wake ni upi, na ajue itakuwaje utaratibu usipofuatwa. Basi. Tena haisemi walioajiriwa peke yao, inasema watu wanaofanya kazi chini ya usimamizi wa kampuni, kwa hivyo kibarua wa siku mbili yumo, mlinzi wa geti yumo, mama anayefagia yumo, na dereva wa kontrakta anayekuja kubeba taka naye yumo.

Sisi wakaguzi tunachangia hii hofu, lazima tukubali. Unaingia kiwandani na meneja kulia, supavaiza kushoto, faili mkononi, mnamzunguka mtu mmoja aliyevaa ovaroli halafu unamuuliza "sera yenu ya mazingira inasema nini?" Kabla ajibu, macho yashaenda kwa supavaiza. Akisema sijui, inaandikwa kwamba mfanyikazi hana ufahamu, kana kwamba kosa ni lake. Lakini mtu kutojua ni swali la kumuuliza meneja: nani alimfundisha, lini, kwa lugha gani? Nimeona mafunzo ya masaa 2 kwa Kizungu tupu, watu wakatia sahihi kwenye orodha wakaenda zao, na hiyo orodha ndiyo inaletwa kama ushahidi kwamba wamefundishwa.

Sasa, mtu anaulizwa vipi? Kwanza ni salamu, huku kwetu mtu huanzi kumhoji hujamuamkia, na kama ni mtu mzima shikamoo haikupunguzii kitu. Halafu jitambulishe, mwambie naangalia vile kampuni inatunza mazingira, wewe sikupimi, na hivi ninavyoandika ni kwa sababu nitasahau, jina lako siandiki. Muombe supavaiza kwa adabu asogee kidogo. Kama mashine inapiga kelele songeni pembeni, lakini msiende mbali, usimpeleke ofisini kabisa, kule kwenye kiti cha meneja mtu anakuwa mwingine. Kisha muambie "hebu nieleze kazi yako tangu unaingia mpaka unatoka" na unyamaze. Kunyamaza ndo kazi ngumu kwa wakaguzi wengi. Mtu akieleza kazi anayoijua mwenyewe anachangamka, na pale anapochangamka ndo unaingia na maswali yako, matambara yenye oili yanaenda wapi? Pipa likijaa? Na usiku nani anakuja kulitoa? Nionyeshe. Ukimuuliza "matambara munatia kwenye pipa jekundu, sivyo?" atakwambia ndiyo, na hiyo ndiyo umeipanda wewe mwenyewe.

Kuna kiwanda kimoja niliwahi kukagua, kiko karibu na maji, faili zao zilikuwa safi mno, vipimo vya maji taka vipo, ramani ya mitaro ipo, rejista ya athari za mazingira kurasa kibao. Nyuma ya karakana nikamkuta mzee mmoja anaosha mapipa, akimaliza maji yanaingia kwenye shimo la kutenganisha oili na maji, kila kitu sawa. Nilikuwa nishafunga daftari. Nikamuuliza tu, mzee, na mvua ikinyesha huku kunakuwaje? Akanijibu bila wasiwasi wowote, "mwanangu, mvua ikija kubwa hili shimo hujaa, sasa sisi hufungua ule mfuniko maji yende mtaroni, tusipofungua yanaingia stoo." Ule mtaro ulikuwa unateremka moja kwa moja mpaka kwenye mikoko.

Sasa fikiria. Vipimo vilikuwa vinachukuliwa siku za jua, kwa hivyo haviwezi kuonyesha hilo hata siku moja. Rejista iliandikwa ofisini. Anayejua ni mtu mmoja mwenye gambuti, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Na oili ikifika kwenye mikoko si jambo dogo, mchu, ambao ni aina ya mkoko, unavuta hewa kwa ile mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli, maji yakipwa oili inabaki imeganda kwenye mizizi na mti unakosa pumzi. Mikoko ikifa, kaa na samaki wadogo wanakosa pa kukulia, na mvuvi wa Jomvu au Mikindani atajua tu samaki wamepungua, hatajua kulikuwa na mfuniko ukifunguliwa usiku wa mvua.

Yule mzee hakukosea, yeye alikuwa anaokoa stoo kama alivyoambiwa. Nilipomueleza mtaro unaishia wapi alinyamaza kidogo, halafu yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la kuinua kingo za shimo na kuyageuza maji ya paa yasiingie pale. Injinia alikuja kulikubali baadaye.

Mahali pengine nilimuuliza kijana wa foklifti, ukitoboa drami ya kemikali hapa saa hii utafanya nini? Akasema nachukua ndoo ya mchanga. Nionyeshe. Ndoo iko stoo, stoo imefungwa, ufunguo anao mtu wa stoo, na mtu wa stoo anatoka saa 11 jioni. Kijana ni wa usiku. Kipengele cha 8.2 cha kujiandaa na dharura kilikuwa kimeandikwa vizuri sana kwenye faili.

Ndo maana mkaguzi akija mchana tu akaongea na wale aliochaguliwa na meneja, huyo amekagua nusu kiwanda. Rudi usiku, chagua mwenyewe wa kuongea nao.

Lakini mtu akikuamini ukamtia matatani, hutapata neno la kweli tena pale. Kutoandika jina hakutoshi, ukiandika "opereta wa boila shifti ya usiku" na opereta wa usiku ni mmoja, ushamtaja. Andika hali uliyoiona kwa macho baada ya kuelekezwa, ule mfuniko, ile kufuli. Na kwa wafanyikazi, mjue hapa Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mwajiri kukufukuza au kukuonea eti kwa sababu umelalamikia jambo unaloona ni hatari kwako. Katiba nayo, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hapa hapa Mombasa tuna mtaa wa Owino Uhuru, sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri ilidhuru watu mtaa mzima, mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Sumu kama ile, wa kwanza kuivuta ni waliomo ndani ya kiwanda.

Kwa hivyo ukiulizwa, sema unachofanya kweli, na usilolijua sema sijui. Hakuna ubaya.

Na wewe mkaguzi, kabla hujaondoka msomee mtu ulichoandika. Yule mzee wa mapipa nilimsomea, nimeandika "shimo hufunguliwa mvua ikinyesha," akatikisa kichwa. "Sio kila mvua mwanangu, ni zile za mwezi wa 5, tena maji ya bahari yakiwa yamejaa, manake hapo mtaro nao hauvuti." Ikabidi nikate nikaandike upya, na ripoti ikatoka na tarehe za kwenda kupima maji, mwezi wa 5, wakati bahari imejaa.