Neno "baba" halikutoka Uturuki

Juzi kwenye kikao cha harusi nimelisikia tena, na safari hii msemaji alikuwa mwalimu: eti "baba" si neno letu, tumelipata kwa Waturuki kupitia kwa Waarabu. Ushahidi wake ni kwamba Mturuki naye humwita mzazi wake "baba".

Maana yenyewe haina ubishi. Baba ni mzazi wa kiume, na kwetu ndugu zake wa kiume nao ni baba, mkubwa au mdogo. Ninachokipinga ni hiyo asili.

Neno la mkopo huacha nyayo. Tazama "binamu". Kwa Kiarabu ni "ibn amm", yaani mwana wa ami, na huyo ami naye tumemchukua hukohuko. Ukilipasua neno hilo, vipande vyake vinaeleweka kwa Mwarabu. Kwetu ni neno moja tu, na leo wengi humwita binamu hata mtoto wa mjomba. "Baba" halina nyayo za namna hiyo. Kwa Kiarabu sanifu baba ni "ab". Tena Mkikuyu husema "baba", Mshona wa Zimbabwe "baba", Mzulu "ubaba". Hao wote wako mbali na bandari zetu, na kinachowaunganisha nasi ni ukoo wa Kibantu.

Mbona basi Mturuki anafanana nasi, na Mchina pia, ambaye baba kwake ni "baba"? Mwaka 1960 mwanaisimu Roman Jakobson aliandika juu ya jambo hili. Mtoto mchanga anapobwabwaja, sauti zilizo rahisi kwake ni zile za kufumba midomo na kuiachia: ma-ma, ba-ba, pa-pa. Yeye hajamwita mtu. Ni wazazi wanaozidaka sauti hizo na kuzipa maana, kila jamii kwa namna yake. Ndiyo maana kwa Kirusi "baba" ni mwanamke, hasa mama mtu mzima wa kijijini, na humo ndimo lilimozaliwa "babushka", yaani bibi. Kwa Kijapani "baba" ni kikongwe wa kike, na kumwita mtu hivyo ni kumkosea adabu. Wageorgia ndio hunishangaza zaidi: kwao "mama" ni baba, na mama ni "deda". Mlingala na Mpolandi, nao, wote humwita baba "tata", na hakuna aliyemkopesha mwenzake.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, Kiarabu kimetupa maneno mengi na sina haja ya kuyakana. Ila hili usilihesabu humo. Ukilikuta tena Istanbul, kabla ya kusema tumelikopa, pita kwanza kwa Wazulu uwaulize wanamwitaje mzee wao.